Antena Fupi ya Papa Isidore Kabulo

Tarehe thelathini mwezi huu wa sita, Papa Isidore Kabulo, dereva wa Huduma ya Chanjo Vijijini hapa Kalemie, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Asubuhi hiyo atakabidhi ufunguo wa gari mbele ya wafanyakazi wote uani, kisha kutakuwa na soda, samaki wa mikebuka na bukari, ugali wetu wa muhogo. Karatasi hii itagawiwa mlangoni.

Kazi ya kuiandika ingemfaa mtu mwenye pumzi. Lakini kati ya tuliofungua ofisi hii pamoja naye, wengine wamezikwa na wengine wako Lubumbashi kwa watoto wao, kwa hiyo imeniangukia mimi, katibu wa zamani. Daktari wangu amenishauri nisiahirishe maneno. Basi nitasema yale tunayoyasema siku zote katika karatasi za namna hii, na moja ambalo tumezoea kuliacha.

Kuna jambo halikuwa limeamuliwa wakati Papa Isidore alipopewa tarehe yake. Mwezi uliopita gari jipya lilifika, na mbele yake ilisimama antena ndefu kuliko mtu aliyenyoosha mkono. Papa Isidore alitangaza ofisini kwamba hataweza kwenda nyumbani kwa amani kabla hajajua kama antena ile itabaki au itatolewa. Wengi mlio wapya mlicheka. Mlidhani ni ukaidi wa mzee anayetafuta sababu ya kutokuondoka. Kwa ajili yenu ninaeleza kwa urefu.

Alizaliwa Kongolo, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Shule ya misioni aliiacha kabla ya kumaliza kwa sababu mapadre walichoka kumtafuta karakanani. Alipokuja Kalemie alifanya kazi na malori ya bandarini, kisha akasikia kwamba sisi tunatafuta dereva. Siku ya kujaribiwa aliambiwa arudishe gari nyuma kati ya mapipa mawili, akagonga moja. Alipoulizwa ajitetee, alisema pipa lile lilikuwa limeegeshwa vibaya. Mkurugenzi wetu wa wakati ule, marehemu Papa Jean-Baptiste, alicheka mpaka akavua miwani, akasema mtu anayejitetea hivyo ndiye tunayemhitaji kwenye vizuizi vya barabarani. Akaajiriwa palepale.

Ndani ya gari lake hakuna aliyebamiza mlango mara tatu. Mara ya kwanza alimtazama mtu. Mara ya pili alimteremsha. Alimteremsha hata daktari mmoja aliyekuja kututembelea, akamwacha atembee kidogo kwenye vumbi, halafu akasimama na kumfungulia mlango kwa heshima zote, kama vile ndiyo kwanza wanakutana. Aliimba sambamba na redio, na siku zote aliimba vibaya. Abiria wake walijua kwamba akinyamaza, basi barabara ya mbele ni mbaya.

Sasa antena. Gari letu la zamani lilipopewa fonia, yaani ile redio kubwa ya kuitana kutoka barabarani mpaka ofisini, lilipewa pia fimbo nyeusi ya kuisaidia kusikia na kusikika. Mjini Papa Isidore aliikunja na kuifunga kwa kamba ili isiguse nyaya za umeme. Akishavuka daraja la Lukuga alisimama, akafungua kamba, na fimbo ikaruka juu ikitikisika. Alikipenda sana kitendo kile. Kusema kweli, sote tulikipenda. Wakati ule gari lenye fimbo ya namna ile lilikuwa gari la watu wenye maana, na sisi, ambao mishahara yetu ilichelewa kuliko mvua, tulihitaji kujisikia watu wenye maana. Kila Jumamosi aliisugua kwa kitambaa chenye mawese. Nzi waliipenda pia.

Miaka ile watu wa bunduki walikuwa wengi katika barabara ya kwenda mji wa Bendera, na walibadilisha majina kila msimu. Nasi tuliendelea kwenda, kwa sababu surua nayo iliendelea. Tulikuta vijiji vitupu. Sufuria ziko motoni, bukari haijasongwa, kuku wanatembea, na hakuna mtu hata mmoja. Mama Adija, muuguzi wetu, alikaa juu ya kisanduku chake cha baridi akisubiri huku barafu ikiyeyuka chini yake, na jioni walirudi na chupa zilezile walizoondoka nazo.

Katika ripoti zetu tuliwaita watu wale wagumu. Tuliamini kwamba wanaogopa sindano. Tukapeleka mabango yenye picha ya mtoto anayecheka. Tukapeleka kipaza sauti. Mwisho tukapeleka kwaya, nayo ikakuta kijiji kitupu, ikaimba hivyohivyo mpaka mwisho kwa sababu ilikuwa imeshapewa chakula.

Siku moja mguu wa antena ulivunjika kwenye shimo. Papa Isidore akailaza fimbo ndani ya gari, wakaingia kijiji kiitwacho Kifunge, na wakakuta watu. Wanawake walikuwa wanatwanga muhogo. Hawakuacha hata kuangalia. Mama Adija ndiye aliyeuliza, na mazungumzo yale aliyarudia mara nyingi ofisini hata nayajua kama niliyekuwepo.

“Kambo,” alimwambia kwa heshima bibi mmoja aliyekuwa anaanika muhogo, “leo mbona hamukukimbia?”

“Tukimbie nini? Tulizani njo gari ya kununua muhogo.”

“Na siku zingine?”

“Siku zingine munakuja na ile fimbo yenu. Inapita juu ya majani, tunaiona toka mbali mbele ya kusikia motere. Wenye fimbo ya vile ni wale wa bunduki. Tunakamata watoto, tunaingia pori. Nani atangojea aone uso?”

Papa Isidore alikuwa amesimama pale na spana mkononi. Habari ile haikumpendeza.

“Kambo, ile si ya vita. Ni antena. Inasema na Kalemie.”

“Hata yao inasema na kwao, mutoto wangu.”

Msidhani kwamba mtu ninayemsifu hapa alielewa mara moja. Njiani alimwambia Mama Adija kwamba bibi yule amepigwa na jua. Wiki iliyofuata alifunga mguu mpya, akaisimamisha fimbo yake iliyong’arishwa, na Kifunge kikawa kitupu. Safari ya pili, kitupu. Akajaribu kuilaza kwa kamba njia nzima, lakini katika majani ya barabara ile kamba ilikatika, fimbo ikaruka juu mbele ya wanawake waliokuwa wanatoka shambani, na siku hiyo walikimbia mpaka mbuzi. Hapo ndipo alipokwenda sokoni kwa Papa Anwari, anayeuza vyuma vya magari mabovu, akarudi na antena fupi ya teksi, urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole.

Antena ile ilikamata muziki na habari, basi. Kwa fonia haikuwa na faida yoyote. Kufunga ile fupi mahali pa ile ndefu maana yake ilikuwa kutoka mjini na redio bubu, na kanuni zetu zilikataza. Papa Jean-Baptiste alimwita ofisini kwake. Mlango ulikuwa wazi na meza yangu ilikuwa karibu.

“Isidore, mukikwama?”

“Tutakwama, Chefu.”

“Mutu akigonjwa ndani ya gari?”

“Tutatafuta njia, Chefu.”

“Njia gani? Utaita Kalemie na mudomo?”

“Chefu, ile fonia tunaitia biro, hapa ofisini. Tunaiambia biro nini? Kwamba hatukukuta mutu. Na mutu hatumukuti sababu ya ile fimbo yake.”

Papa Jean-Baptiste hakuwa mjinga, na maswali yake hayakuwa ya kijinga, kama mtakavyoona. Alivua miwani yake, akaifuta. Kisha akasema, “Mimi sijaona kitu. Lakini siku ya mukaguzi, naitaka pale imesimama.”

Ndivyo ilivyoanza siri ya ofisi yetu. Antena ndefu ilihamia nyumbani kwa Papa Isidore, kwa sababu kwenye vizuizi fimbo iliyofichwa ndani ya gari ingetufanya majasusi, na kila mara wakaguzi walipotangazwa, alirudi nayo asubuhi na kuifunga. Mara moja tu walikuja bila kutangazwa. Papa Isidore alikimbia nyumbani, akakuta mke wake, Mama Arlette, ameigeuza fimbo kuwa mti wa kuanikia mikebuka. Aliifuta kwa shati lake, akaifunga, akasimama kando yake kwa unyenyekevu. Mkaguzi aliridhika na antena. Alichouliza ni kwa nini gari la chanjo linafuatwa na paka. Papa Isidore alimjibu kwamba paka wa Kalemie wanapenda watu wa serikali.

Na kazi ikaenda. Vijiji vilikuwa na watu. Akina mama walipanga foleni na kugombania nafasi, wakamwita Mama Adija majina mabaya kwa sababu ya mkono wake mzito, wakampa Papa Isidore karanga. Surua ilipungua katika barabara ile kuliko mahali pengine pote tulipofanya kazi. Wakubwa walitusifu, wakasema ni matunda ya mabango.

Sasa nafika kwenye lile neno moja. Nimepumzika kabla ya kuliandika.

Msimu mmoja wa mvua, Papa Isidore na Mama Adija walikuwa wanamaliza kazi Kifunge. Mwanamke mmoja kijana, Bijou, mke wa mkulima aitwaye Onésime, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu siku iliyotangulia, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wakampakia kumleta hospitali. Kwenye bonde lililo mbali na kila kijiji, gari likazama kwenye matope mpaka sakafu. Rezo ya simu, yaani mtandao, hakuna. Fonia ilikuwepo, taa yake ya kijani inawaka vizuri, nayo haikuweza kumwita mtu yeyote. Papa Isidore aliacha viatu vyake kwenye matope, akatembea kuelekea Bendera, kwenye kituo cha umeme, akitafuta watu na simu. Aliporudi na trekta ilikuwa kesho yake mchana. Mama Adija alikuwa amefanya yote anayoweza muuguzi mmoja ndani ya gari. Bijou aliishi. Mtoto, wa kiume, hakuishi.

Je, fonia ingemwokoa? Labda gari la pili lingetoka Kalemie mapema likafika. Labda nalo lingezama. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sina jibu. Nakiri hivyo wakati bado naweza kukiri kitu. Ninachokijua ni kwamba ofisini tulikubaliana kusema kwamba fonia iliharibika kwa mvua, na mimi ndiye niliyewaambia wakubwa. Fonia haikuharibika. Mlio wapya mjue, na mlio wa zamani msiendelee kuubeba uongo huo.

Papa Isidore hakukubali kuwa mmoja wetu katika hilo. Alikwenda Kifunge kwenye kilio, akaketi chini pamoja na wanaume, akamwambia Onésime mbele yao wote kwamba redio ilikuwa nzima, kwamba antena yake ilikuwa Kalemie nyumbani, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa. Onésime alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Papa Isidore alingoja. Onésime hakurudi. Akaondoka.

Siku iliyofuata aliirudisha antena ndefu, bila kuuliza mtu, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Sote tulimwelewa. Msimu mzima barabara ya Bendera ilikuwa tupu tena. Tulisikia kwamba watu wanalala porini, na kwamba surua imeingia hukohuko porini. Papa Isidore aliendesha, akafika, akakuta sufuria motoni, akarudi. Hakuimba tena. Nilimwona akikonda.

Kisha asubuhi moja Onésime aliingia uani kwetu na baiskeli iliyobeba muhogo. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua kwa jinsi Papa Isidore alivyoacha kazi na kusimama. Nilibaki dirishani. Niliogopa kwamba kutakuwa na ugomvi.

“Papa Isidore, toa ile fimbo.”

“Siwezi. Na wewe njo mutu wa mwisho wa kuniambia vile.”

“Ni mimi tu naweza. Wengine wanakuonea haya.” Alikuwa bado ameshika usukani wa baiskeli. “Mutoto wangu nimemuzika. Alikufa sababu ya matope, ao sababu ya fimbo, ao sababu ya Mungu, mimi sijui. Lakini wale wako pori wanakohoa na macho mekundu, wanakimbia gari yako. Na wewe unaitembeza ile fimbo ili roho yako ipumuzike. Yako wewe. Si ya kwetu.”

Papa Isidore aliketi juu ya tairi. Akauliza, “Na tukikwama tena?”

“Mukikwama tutawafuata. Gari ikipita kwetu, tutajua imepita. Isiporudi, tutajua haikurudi. Tuko na macho. Tuko na kamba. Mulikuwa hamujatuuliza.”

Tangu siku hiyo antena fupi ilirudi mahali pake, na barabara ile ikawa na utaratibu ambao haumo katika kanuni yoyote ya ofisi. Kila kijiji kina mtu anayeangalia gari la chanjo. Likipita, habari inatangulia kwa baiskeli mpaka kijiji kinachofuata. Jua likikaribia kuzama na gari halijaonekana, wanaume wanatoka na majembe na kamba kulitafuta. Wamemtoa Papa Isidore kwenye matope mara nyingi kuliko anavyokubali, na hawakumtoa hata mara moja bila kumdhihaki. “Leo tena? Papa, unapenda kutuona ao hujui kuendesha?” Naye anajibu akiwa amezama mpaka magoti kwamba gari limechoka, likaomba kulala.

Hakuna mtu mwingine aliyekufa ndani ya gari letu barabarani. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Lakini sitaki mtu alisome na kudhani kwamba mtoto wa Bijou ameshalipiwa na watoto wengine walioishi. Papa Isidore hadhani hivyo. Kila anapopita lile bonde, hata na wageni, anazima redio.

Sasa mnaelewa kwa nini gari jipya lilimkosesha usingizi. Mkurugenzi wetu wa leo, Mama Elodie, alikataa kuitoa antena ndefu, na kwa haki, kwa sababu watu wake wanakwenda mahali ambapo hakuna simu. Papa Isidore alikwenda kumweleza, akaeleza vibaya. Alianza na bibi wa Kifunge, akapita kwa mikebuka, akaishia kwenye bei ya mafuta ya gari, akakasirika na kutoka. Mama Elodie angeweza kulifunga shauri hapo. Badala yake alimfuata uani akamwambia, “Papa, kesho tuende, na fimbo imesimama. Nataka kuona na macho yangu.” Walikwenda pamoja na Joël, aliyekuwa dereva wa malori ya Kongolo na ambaye sasa anachukua nafasi ya Papa Isidore. Haya niliyaambiwa na Joël, aliyekuja kunitazama kitandani.

Walikuta Kifunge kitupu. Moshi, kuku, bukari iliyokaribia kuungua. Mama Elodie alizunguka mlango hadi mlango akibisha hodi, halafu akarudi, akatoa sufuria moja motoni ili isiungue, akaketi karibu nayo. Papa Isidore alichukua spana, akafungua antena, akailaza chini, akaenda kusimama katikati ya uwanja mahali anapoonekana. Walingoja. Wa kwanza kutoka kwenye majani alikuwa Bijou, na mtoto mgongoni.

“Papa Isidore? Gari ya nani hii?”

“Ya kwetu. Mupya.”

“Na fimbo?”

“Na fimbo.”

“Umezeeka vibaya, Papa. Bukari yangu imeungua sababu yako.”

“Haikuungua, Mama,” alisema Mama Elodie, akamwonyesha sufuria.

Watu walianza kurudi. Onésime alitokea upande wa pili akiwa na kamba begani. Alipoliona gari hakujua kama akimbie au aje kulivuta, na watu wakamcheka kwa hilo. Mama Elodie hakucheka. Alimwambia Bijou moja kwa moja kwamba bila ile antena yeye, aliye na dhamana ya gari na watu, hawezi kujua kama wako salama.

“Ninajua kazi yake,” alijibu Bijou. “Nililala ndani ya gari ya huyu Papa wakati haikuwa nayo. Hakuna mwenye anajua kunipita. Uitoe.”

Papa Isidore alikuwa anaangalia chini. Kisha Mama Elodie akauliza, kama mtu anayewaza kwa sauti, kama fonia ingefungwa pale Kifunge, kwenye nyumba ndogo ya zahanati ya kijiji, na fimbo ikasimamishwa juu ya bati, je, wangekimbia?

“Juu ya nyumba?” alisema Onésime. “Iko inatembea?”

“Haitembei.”

“Fimbo haitembei, tuikimbie sababu gani?”

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na ilichukua muda mfupi kuliko kusoma karatasi hii. Fonia ya gari jipya imekwisha kutolewa na itafungwa Kifunge. Gari likizama, mtu wa baiskeli hatakwenda tena mpaka Bendera. Atafika zahanati, na Kalemie itasikia. Jumatatu Joël alifunga antena fupi mbele ya gari, na Papa Isidore alisimama kando yake akimkosoa mpaka kazi ikaisha.

Jioni ile Papa Isidore alikuja kwangu. Aliketi kwenye kiti kilicho kando ya kitanda changu, akakiangalia kiatu chake.

“Katibu,” alisema, “ile ya kuiweka juu ya nyumba. Mbona sisi hatukuiwaza?”

Nilimwambia kwamba tulikuwa na fonia moja tu, kwamba ilikuwa vita, kwamba tulikuwa tumechoka. Yote hayo ni kweli. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji asiyotaka kuihakiki. Alinipa maji, akaniwekea mto vizuri, akaenda zake akifunga mlango polepole.

Papa Isidore, ofisi inakushukuru kwa miaka yote uliyotupeleka na kuturudisha. Mama Adija, aliyehamia Kigoma kwa binti yake, ametuma salamu, na anasema mkono wake sasa ni mwepesi. Akina mama wa barabara ya Bendera wametuma karanga, gunia zima. Limewekwa kwenye stoo na Joël amekatazwa kulikaribia. Mama Arlette tunamshukuru kwa kukuazima kwetu, na tunamwomba radhi kwa jioni zote alizokaa na chakula kilichopoa.

Ameniambia kwamba tangu Joël ashike usukani unasimama mlangoni kila jua linapozama, unaangalia upande wa Lukuga mpaka usikie gari limerudi. Rafiki yangu, ingia ndani. Kula bukari ikiwa na moto. Kuna watu njiani wanaolingoja gari, nao wana kamba zao. Uzee wako uwe mrefu na usiwe mzito, na usiku ulale mpaka kuche.